Kabla hujampelekea mkuu ile orodha

Kondele, Kisumu

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu za haraka haraka, maana ujumbe wako umeniingia jana usiku na mkuu wako wa shule anataka orodha ya vifaa vya klabu ya roboti Jumatatu. Nyumbani hawajambo? Magoti ya mama yanaendeleaje? Huku tuko salama, joto ni lile lile la ziwa. Kimya cha miezi minne nitakudai siku nyingine.

Umeniuliza swali moja tu: shule ikinunua seti moja kubwa ya roboti, inunue ipi. Nakujibu: isinunue hiyo moja kubwa. Na kabla ya seti yoyote, omba ufunguo.

Usicheke, ni ufunguo wa kabati ninaosema. Unajua mwenyewe jinsi vifaa vinavyoingia shuleni: gari, hotuba, mkuu ameshika kisanduku anapigwa picha. Kisha kisanduku kinaenda stoo na ufunguo unabaki kwenye mfuko wa mtu mmoja. Akienda benki, akienda matanga, akiitwa mkutano wa kaunti ndogo, klabu imelala. Ninyi mnakutana Ijumaa saa kumi, na yule bwana wa stoo tunamjua, saa tisa na nusu yuko stejini. Piga hesabu: muhula wa majuma 13, ondoa la kufungua, ondoa hafutamu, ondoa ya mitihani, unabaki na Ijumaa nane au tisa. Mlango ukikosa kufunguliwa mara tatu, theluthi ya muda wa klabu katika muhula huo imekwenda, na hakuna ripoti itakayoandika kwamba tatizo lilikuwa kufuli. Wataandika "wanafunzi hawana ari".

Kwa hiyo nakala tatu: yako, ya mwalimu wa pili, ya fundi wa maabara. Na daftari la kutia sahihi, ili kitu kikipotea pasiwe na kelele za kumshuku kila mtu.

Sasa hiyo seti kubwa. Moja kwa watoto 24 maana yake watatu wanashika na 21 wanachungulia mabegani. Tena seti za kampuni zina umri wake. LEGO ilifunga ukurasa wa Mindstorms, seti zake za roboti, mwisho wa 2022, na shule zenye EV3, toleo moja la seti hizo, sasa zinasaka kebo na mota za mtumba. Ile yenu ya zamani usiitupe, inatumia betri sita za AA ikikosa betri yake maalum. Wape wageni wa klabu wajifunzie. Lakini pesa mpya iende kwenye vitu unavyoweza kubadilisha kimoja kimoja.

Timu sita za watu wanne. Bodi za Arduino aina ya Uno, vile vikompyuta vidogo vinavyoiongoza roboti, nane, mbili zikiwa akiba. Zile mota za manjano za plastiki zenye gia, 16, na magurudumu yake. Kiendesha mota L298N nane. Sensa za mstari za TCRT5000, mbili kwa kila roboti na nne za akiba. Sensa za umbali HC-SR04 nane. Kebo za USB nane, na uzijaribu kabla ya kulipa, kwa sababu nyingine ni za kuchajia simu tu, hazipitishi data, na mtoto atakaa nusu saa akitafuta bodi isiyoonekana kwenye kompyuta. Isipoonekana hata kwa kebo nzuri, mara nyingi ni CH340, chipu ya USB iliyo kwenye bodi za bei nafuu, inayodai draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha kwa kompyuta. Hapo utahitaji nenosiri la msimamizi wa kompyuta za maabara. Nani analo? Kama ni yule aliyepewa uhamisho Januari, una ufunguo wa pili wa kutafuta.

Hizo mota za manjano hufia mahali pamoja: vile vijisahani vya shaba unapochomelea waya. Waya ukivutwa mara mbili, kijisahani kinang'oka. Pitisha waya kwenye tundu la mwili wa mota, ufunge kwa kijimkanda cha plastiki cha kukaza (zip tie), ndipo uchomelee. Dakika mbili, na umeokoa nusu ya mota.

Betri sasa, na hapa usome pole pole. Kila klabu mpya hununua ile ya volti 9 ya mstatili kwa sababu ni ndogo na ipo kila duka. Ndani yake mna viseli sita vya volti 1.5 vimepanga foleni. Redio inaiweza, mota haiiwezi. Mota inapoanza kuzunguka, au gurudumu likikwama, moja yaweza kuvuta karibu ampea nzima. Betri inazirai, volti zinaporomoka, bodi inazima na kuwaka upya. Mtoto anaona roboti inashtuka, inatulia, inashtuka tena. Anasema programu ina makosa. Majuma matatu yanaishia kwenye kuandika upya programu isiyokuwa na kosa lolote, na wenye moyo mwepesi wanarudi kwenye voliboli.

Nunua seli za lithiamu za kuchaji aina ya 18650, mbili mbili mfululizo: volti 7.4, zikijaa 8.4. L298N inakula karibu mbili kabla mota hazijaonja kitu, zinabaki tano na ushei, na mota hizo zimetengenezewa 3 hadi 6. Inatosha kabisa. Ukijaribu betri nne za AA za kuchaji, jumla ni 4.8, ondoa ushuru wa L298N, roboti itatembea kama kinyonga. Na usisahau waya wa GND (upande wa hasi) wa betri uunganishwe na GND ya Arduino, maana bila huo mota hupokea amri zisizoeleweka.

Ila 18650 zina matapeli. Ukiona imeandikwa 9900mAh, yaani kiasi cha umeme inachodai kubeba, weka chini uende zako. Za kweli, nyingi huishia 3500 hivi. Chukua mizani ya maabara ya fizikia: ya kweli ina gramu 45 au zaidi kidogo. Ikikupa 30, umeuziwa ganda. Nunua 24, jozi mbili kwa kila roboti, moja ikifanya kazi nyingine inachaji. Zisishuke chini ya volti 3 kila moja, na zisichajiwe bwenini usiku, hata mtoto akikulilia.

Lini zichajiwe? Saa ya chakula cha mchana, mtu mzima akiwapo. Wewe uko Malava, unajua mvua ya alasiri na radi zake. Saa kumi klabu inapofungua mlango, stima ishakwenda. Ratiba ya shule nyingi huku kwetu magharibi imepanga roboti saa ile ile ambayo mawingu yamepanga yao, kisha tunashangaa.

Hilo ndilo linanirudisha kwenye muda. Dakika 40 za Ijumaa ni bure. Kutoa vifaa dakika kumi, kurudisha kumi, na roboti inavunjwa kila mara ili seti iingie kwenye kisanduku. Ukipata saa mbili mfululizo Jumamosi asubuhi, na rafu ambapo roboti inalala ikiwa nzima, utakuwa umepata zaidi ya seti kubwa. Rafu yenyewe iwe ndani ya lile kabati. Ndiyo, narudi kwenye kabati.

Pesa. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa hesabu za karatasini, ni shilingi 22,244 kwa mwaka, na fungu la shughuli ndani yake ni 1,500. Hizo zinagombaniwa na mpira, muziki, drama na riadha, na roboti haina kocha anayejua kupiga kelele. Halafu hutolewa kwa 50, 30 na 20 kwa mihula, na kufika kwake unakujua. Kongamano la sayansi na uhandisi, KSEF, huanza muhula wa kwanza ngazi ya kaunti ndogo, kisha kaunti, kanda, taifa. Ukingoja pesa za muhula huo ndipo uagize, utapeleka bango la karatasi na waya mbili. Ombi liingie bodini muhula wa tatu. Bodi ya shule, si ile ya Arduino. Ile ya Arduino angalau ukibonyeza kitufe inaanza upya.

Na usiombe "roboti". Omba mstari wa matumizi wenye jina lake, wa vitu vinavyoisha: solda, tepu nyeusi ya umeme, nyaya, seli, mota. Klabu hufa kwa kukosa kitu cha shilingi mia, kwa sababu cha shilingi mia hakina vocha. Bursa atakudai kotesheni tatu na risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, na kibanda cha vifaa vya umeme cha Luthuli, Nairobi, hakitoi hivyo. Tafuta muuzaji mmoja anayetoa, uagize vyote kwa pamoja, na uandike kila kitu kwa ukamilifu: "yenye chipu ATmega328P, pamoja na kebo ya data". Ukiandika "Arduino" tu, yule anayewaletea madaftari na chaki ataleta chochote kinachofanana.

Mawili madogo kabla sijasahau. Sensa za mstari husoma miale ya infraredi, na jua linayo tele, kwa hiyo roboti iliyofundishwa asubuhi itapotea njia jua la saa kumi likiingia dirishani. Izungushieni kikingio cha karatasi nyeusi, mrekebishe upya ile skrubu ndogo ya usikivu pale pale uwanjani. Na HC-SR04, inayodaiwa kuona sentimita 2 hadi mita 4, haimwoni vizuri mtoto aliyevaa sweta. Sensa hiyo hupima kwa mwangwi wa sauti, na sufu inameza sauti. Ubao wa kadibodi inauona.

Kuhusu wasichana, nakusihi. Ukiwaacha wajigawe wenyewe, msichana atapewa kalamu aandike ripoti na mvulana bisibisi. Wabadilishane kila juma, kwa orodha iliyobandikwa.

Sasa nijibu. Mkuu amesema pesa ngapi hasa, au amesema tu "tutaona"? Ufunguo wa sasa unao nani? Mwalimu wa pili amepatikana, na je, ni yule wa hesabu au bado analalamikia vipindi vyake 28? Dirisha la maabara linatazama magharibi? Mizani ya fizikia inafanya kazi au inaonyesha gramu nne ikiwa tupu, kama zamani? Waliochagua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) katika Gredi ya 10 ni wangapi, na wangapi wasichana? Na yule jamaa wa Bungoma, bado anatengeneza chaja, au amehamia pikipiki?

Nijibu kabla ya Jumapili jioni, nisome orodha yako kabla haijapigwa muhuri. Ukipata mtu wa shatoli, yale magari ya abiria, nitumie na vile viazi vitamu ulivyoniahidi Aprili.

Wako,
yule yule wa Kondele