Majina ya wapagazi yako wapi?

Mhariri,

Naandika kuhusu sanamu tatu za shaba zilizoko Kenyatta Avenue, Nairobi, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana, na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza, katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yanaahidi kwamba hata ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lipi? Pale halipo hata moja. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi wala si risasi, nao wamebakiziwa mtaa wa Kariokor tu, yaani Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi chao, lililotafunwa na ndimi zetu.

Naiomba serikali ya kaunti ishirikiane na Makavazi ya Kitaifa kuweka kibao chenye majina yatakayopatikana, hata yakiwa machache. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza.

Msomaji,
Nairobi