Baba akisema anasahau, msikilize

Uyole, Mbeya
8 Julai

Rehema rafiki yangu,

Kamwene! Barua yako nimeisoma jikoni nikiota moto, maana baridi ya Julai hapa Uyole unaijua. Umeniandikia kwamba baba amelalamika mara mbili kuwa kumbukumbu zinamtoka, na kaka zako wakamjibu, "Baba, uzee huo." Rehema, maneno hayo hayo ndiyo tuliyomwambia mama yangu kwa miaka miwili.

Mama ana desturi ya kufunga mafundo kwenye pindo la khanga asije akasahau jambo. Fundo hili deni la mtu wa maharage, lile zamu yake ya mchezo wa kupeana hela. Siku moja nikamkuta kibarazani ameshika fundo kwa vidole viwili, analitazama tu. "Mwanangu Tumpe, hili nimelifunga mwenyewe asubuhi. La nini?" Sisi wote tulimwona mzima: anapika, anauza viazi vyake, chenji hakosei. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuna kitu kimepungua.

Ndipo nikaanza kusoma. Mwaka 2006 watafiti wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwapiga wazee picha za ubongo kwa mashine ya MRI, makundi matatu ya watu 40 kila moja. Kundi la kwanza hawakuwa na shida. La pili vipimo vilishaonyesha kumbukumbu zao zimeshuka. La tatu ni kama mama yangu na baba yako: wanasema wanasahau, lakini ukiwapa mtihani wa kumbukumbu wanafaulu. Hao waliofaulu, ubongo wao ulikuwa umepungua sehemu ya kijivu, ile yenye seli za kufikiri na kukumbuka, kwa asilimia 3 hivi ukilinganisha na wazima. Wale wa kundi la pili, asilimia 4. Na upungufu ulikuwa hasa maeneo yanayotunza kumbukumbu mpya. Yaani mtihani ulikuwa haujaona kitu, mzee mwenyewe ameshaona. Nililia, dada. Nilikumbuka lile fundo.

Usije ukamtisha baba kwa haya. Wengi wanaolalamika hivyo hukaa miaka na miaka bila kuzidiwa, na sababu nyingine zinatibika kabisa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kukosa usingizi, huzuni, hata dawa anazomeza. Mama alipopimwa, B12 ilikuwa chini na presha iko juu, na presha hiyo nayo huharibu mishipa midogo ya ubongo. Mahali pa kwanza tulipokwenda walitupa dawa za maumivu wakaturudisha nyumbani, hivyo usikubali kurudishwa. Sasa anachomwa sindano na anameza dawa za presha. Kusahau hakujaisha, ila ule woga usoni umepungua, kwa sababu tunamwamini.

Wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu waambie kwamba wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa usahaulifu. Nawe unajua huku kwetu bibi akianza kupotea njia usiku majirani wanasema nini. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kaa na baba mkiwa wawili tu, kaka zako wasiwepo. Muulize anasahau nini hasa, tangu lini, na kama anasikia vizuri, kwa sababu masikio yakififia ubongo nao unaumia. Andika anavyosema, kwa maneno yake. Siku ya hospitali beba hiyo karatasi pamoja na dawa zake zote, hata zile za dukani. Amefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, anajua kueleza jambo.

Mpe shikamoo yangu. Akishakueleza nipigie, hata kama ni usiku.

Wako,
Tumpe