Anza demo yako bandarini

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama anakusalimu. Nimeyasoma majibizano yako na wenzako kuhusu gemu lako la jahazi, nikaona nikuandikie kirefu.

Ulisema litakwenda fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 kila sekunde, kwenye simu ndogo yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2, bahari nzima ikiwa na mawimbi. Wakakuuliza ushahidi uko wapi, ukawajibu: "Basi nyinyi thibitisheni kwamba haiwezekani." Hapo siko nawe. Tumekua tukisikia kwamba bayana ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Mahakamani nako ni hivyo hivyo: Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inamtwisha mzigo wa kuthibitisha yule anayetaka hukumu kwa mambo anayoyadai. Aliyekuuliza hana deni nawe. Ukimtaka athibitishe kuwa haiwezekani, itabidi ajaribu kila simu na kila namna ya kuandika programu, na bado utamwambia iko moja hajaigusa.

Ila yule aliyesema "haiwezekani kabisa, hata ufanyeje", huyo naye amedai. Kutilia shaka si sawa na kukata shauri. Alete hesabu zake.

Sasa video yako. Maji yanapendeza, tanga linajaa upepo vizuri, na jahazi linapobisha naona foromali, ule mti unaoshika tanga, inahama kama inavyotakiwa. Halafu linapokaribia bandari, penye ngalawa na mashua zote, video inakatika. Swahiba, kila anayetengeneza magemu ataangalia hapo tu, maana ndipo simu inapokwama. Na watu wameshaumwa na video. Kwenye maonyesho ya magemu ya E3 ya mwaka 2005 ilionyeshwa filamu ya gemu la Killzone la mashine ya PlayStation 3, wengi wakaamini ni gemu lenyewe linachezwa, kumbe zilikuwa picha zilizoandaliwa kabla. Gemu la Aliens: Colonial Marines lilionyeshwa mwaka 2011 likiwa na mwanga na vivuli ambavyo wanunuzi hawakuvikuta lilipotoka mwaka 2013, na kesi ikafunguliwa Marekani. Usiwalaumu wanaotaka kushika kwa mikono yao.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa gemu la Doom. Tarehe 10 Desemba 1993 watengenezaji wake, id Software, waliachia sehemu ya kwanza nzima bure. Watu wakanakiliana, na aliyependa akaagiza zilizobaki kwa pesa yake. Mwenye shaka kuhusu kasi yake alilijaribu kwenye kompyuta ya kwake. Hakuna hoja ingeweza kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo demo yako, yaani kipande cha gemu cha watu kujaribu, ianzie bandarini, mashua zote zikiwepo, usukani uko kwa mchezaji. Kihesabu fremu kionekane pembeni ya skrini. Iachie ichezwe robo saa au zaidi, maana simu ikishapata moto prosesa, ubongo wa simu, inajipunguza kasi yenyewe, na dakika mbili za mwanzo hazisemi chochote. Kwenye ukurasa wa kwanza taja simu ulizojaribia, na useme wazi kwamba dhoruba bado hujaitengeneza. Bandari haiithibitishi dhoruba. Ukishatoa demo ya namna hiyo, atakayesema umedanganya ndiye atakuwa na mzigo, na utakuwa na haki ya kumwambia aonyeshe fremu zilipoangukia.

Nakuhimiza kwa sababu naamini unaweza. Yale mawimbi si kazi ya mtu wa kubahatisha, na inaniuma kuona jioni zako zinaishia kwenye kujibizana badala ya kwenye kuandika programu.

APK, lile faili la kusakinisha gemu kwenye simu, ikiwa tayari nitumie mimi kwanza. Mdogo wangu ana simu ya GB 2 ambayo hata betri imechoka. Ikikwama nitakurekodia pale pale inapokwama, na isipokwama, niandike mimi shahidi wako.

Ni mimi,
Swahiba wako