Tamthiliya hazikukoma kwa Kinjeketile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapisha majuma mawili yaliyopita, ambamo mwandishi wenu aliwapendekezea wasomaji tamthiliya kumi za Kiswahili za kusomwa na kuwekwa jukwaani. Makala yenyewe iliandikwa kwa lugha safi na kwa mapenzi ya kweli, na sina ugomvi na hata kitabu kimoja kilichotajwa humo. Kinjeketile ya mwaka 1969 na Mashetani ya mwaka 1971, zote za Ebrahim Hussein, nimezifundisha hapa Iringa kwa zaidi ya miaka thelathini, na Nguzo Mama ya Penina Muhando nimeifundisha mpaka kurasa za nakala yangu zimeachana na jalada. Kinachonisumbua ni kwamba nilipofika mwisho wa orodha ile niliona kuwa kitabu kipya kuliko vyote kilitoka kabla mwanangu wa kwanza hajazaliwa, na mwanangu huyo sasa analipa ada za watoto wawili. Kijana akiisoma orodha ya namna hiyo ataamini kuwa watunzi wa tamthiliya walikuwa watu wa enzi fulani, kama walivyokuwa machifu na wapiga mbiu, na kwamba kazi iliyobaki kwetu ni kuwaenzi.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili linanigusa. Tangu nilipostaafu ualimu, mimi na majirani zangu wa Kihesa, pamoja na vijana kadhaa wa vyuo vya hapa mjini, tumekuwa tukicheza tamthiliya mbili kwa mwaka katika ukumbi wa kuazima usio na pazia, wenye taa nne ambazo moja haikubaliani na nyingine, na wenye paa la bati ambalo mvua ya Februari ikilishukia hakuna mwigizaji anayesikika hata apige kelele namna gani. Kwa hiyo mimi huchagua tamthiliya kama fundi anavyochagua randa, kwa kuangalia kama itafanya kazi mikononi mwangu, si kwa kuangalia sifa zake kwenye rafu. Nimejifunza kwamba vitabu vingine vinavyosifiwa sana darasani hulala usingizi vikifikishwa jukwaani, na vingine ambavyo walimu wenzangu waliviona vyepesi humfanya mzee aliyekuja na blanketi lake kwa sababu ya baridi ya Julai asahau kujifunika.

Huku kwetu, Mhariri, tamthiliya imegeuzwa kuwa kitabu cha mtihani. Chukua Ngoswe ya Edwin Semzaba, iliyotoka mwaka 1988, kisa cha karani wa sensa anayezama katika mapenzi na binti wa kijijini aitwaye Mazoea. Mwanafunzi aliyepita kidato cha nne Iringa, Njombe au Mbeya atakutajia dhamira, migogoro na ujumbe wake bila kukohoa, na hata mtu asiyejua kusoma anajua kuwa ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Mwulize mwanafunzi huyo kuhusu kuungua kwa karatasi za takwimu, naye atakupa hoja nne zenye mifano. Mwulize sasa Ngoswe aliiweka wapi mikono yake alipoyaona majivu, atakukodolea macho, maana hajawahi kumwona Ngoswe wala Mazoea wakitembea mbele yake. Alichofundishwa ni maelezo ya mchezo ambao hakuutazama.

Sasa nitaje tamthiliya ninazozipendekeza, na nianze na ile ambayo nimeishi nayo zaidi. Kigogo, ya Pauline Kea wa Kenya, ilitoka katikati ya muongo uliopita, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu cha lazima katika sekondari za nchini mwake. Inatupeleka katika nchi ya kubuni iitwayo Sagamoyo, ambako kiongozi aitwaye Majoka ameamuru soko la Chapakazi lifungwe. Sababu inayotolewa hadharani ni uchafu, lakini nia iliyofichwa ni kujenga hoteli ya kifahari mahali pale pale. Sudi, mchongaji, anaombwa achonge kinyago kwa ajili ya sherehe za uhuru, naye anakataa kuchonga sura asiyoiheshimu. Tunu, msichana aliyesoma, anawakusanya watu. Kisa hiki kinaeleweka hata kwa mtu aliyechelewa kufika ukumbini, na ubora wake wa kwanza ni huo.

Ubora wake wa pili niliuona katika mazoezi. Tamthiliya inafunguka wachongaji wakiwa kazini, kwa hiyo tulihitaji magogo na zana. Magogo ya mlingoti tuliyapata bure kwa muuza kuni, na tezo na patasi tuliazima kwa seremala wa mtaani ambaye, kwa kuhofia zana zake, alikaa nyuma ya ukumbi kuzilinda. Siku ya pili alishindwa kuvumilia. Alisimama katikati ya mazungumzo, akamwambia kijana aliyekuwa anamwigiza Boza, mchongaji mwenzake Sudi, kwamba ameshika tezo kama mwiko wa ugali, akapanda mwenyewe kumwonyesha. Hakushuka tena. Boza wetu akawa yeye, na ingawa alisahau maneno yake kila usiku, sauti ya tezo lake likila mti iliwanyamazisha watazamaji kabla mtu hajatamka lolote. Waandishi wapya wenye kulijua jukwaa hufanya hivyo: wanaanza na watu wenye kazi mikononi, na maneno yanafuata.

Kulikuwa na mama mmoja muuza nyanya aliyekaa safu ya mbele na ndoo yake tupu miguuni. Ilipotajwa habari ya kufungwa kwa soko aliuliza kwa sauti, bila kumgeukia yeyote, "Na sisi tutapeleka wapi?" Majoka wetu, mwanafunzi wa chuo, alibabaika kidogo, kisha akamtazama mama yule kwa dharau hasa ya kigogo na kuendelea na sentensi iliyoandikwa kitabuni. Ukumbi ulilipuka. Baada ya mchezo watu watatu waliniuliza kama Sagamoyo ni Bagamoyo iliyokosewa herufi, nami sikuwasahihisha kwa haraka.

Sitaki kuisifu Kigogo kupita kiasi. Majoka ni mbaya kuliko inavyohitajika, na majina ya baadhi ya wahusika yanakutangazia tabia zao kabla hawajaingia. Tunu naye, licha ya ujasiri wake, mara nyingine huzungumza kana kwamba mbele yake kuna maikrofoni. Mwongozaji mwenye busara atamwambia mwigizaji apunguze sauti pale ambapo mwandishi ameipandisha. Onyesho ambalo Majoka, akiwa katika hali ya kama ndoto, anazungumza na babu yake ndilo linalookoa mizani, kwa kuwa hapo kwa mara ya kwanza tunamwona mtu nyuma ya kigogo. Sisi tulilicheza kwa viti viwili na shuka jeupe tu, taa tatu zikiwa zimezimwa. (Ya nne ilijizima yenyewe, ikasifiwa kama ubunifu.)

Kwa kikundi chenye watu wachache na mfuko mwepesi ningependekeza Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyochapishwa mwaka 2009. Mji wa Cheneo una meya anayeandaa mapokezi ya wageni huku hospitali ikiwa haina dawa na wafanyakazi wakidai haki zao, na sehemu kubwa ya kisa inachezeka kwa meza moja, viti na simu. Niliwahi kuiona ikisomwa tu, bila maleba wala mapambo, na watu waliokaa kwenye mabenchi walicheka mahali ambapo darasani hakuna aliyewahi kucheka, kwa sababu kejeli ya Arege inakaa katika namna mtu mkubwa anavyokatiza maneno ya mtu mdogo, na hilo haliko katika hoja wala haliandikiki kwenye daftari.

Arege huyo huyo ndiye aliyeandika Bembea ya Maisha, iliyoipokea Kigogo katika orodha ya shule za Kenya, na hii ndiyo ninayotamani ichezwe nyanda zetu za juu kusini kuliko nyingine yoyote. Sara ni mgonjwa. Mumewe, Yona, alikuwa mwalimu na pombe imemla, baada ya jamii kumsakama kwa jambo la watoto: kwanza kwa kutopata, kisha kwa kupata mabinti tu. Mila imemfundisha kuwa jikoni si mahali pa mwanamume, na ugonjwa wa mkewe unamwuliza swali hilo kila asubuhi. Binti yao Neema anataka mama atibiwe mjini, lakini Bunju, mumewe Neema, anasitasita kuwalaza wakwe zake chini ya paa lake. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuliona hilo la wakwe kuwa jambo dogo la kuchekesha. Lipeleke Tukuyu, kwa Wanyakyusa ambao kwa vizazi vingi mkamwana na baba mkwe wamekuwa wakipishana mbali njiani, uone kama ukumbi utacheka. Nadhani utanyamaza, na kimya hicho kitakuwa na uzito. Hakuna vita, hakuna mtawala, hakuna risasi. Kuna familia moja na gharama za matibabu, na kuna wanaume wawili wanaojificha nyuma ya mila, mmoja kwa aibu na mwingine kwa hesabu za fedha.

Natala ya Kithaka wa Mberia, ya mwaka 1997, na Kifo Kisimani yake ya mwaka 2001 si mpya tena, ila kwa kuwa hapa hazijachezwa ni mpya kwetu. Anayetaka mhusika mkuu mwanamke asiyekubali kurithiwa aanze na Natala. Kwa upande wetu Tanzania, Emmanuel Mbogo alitupa Fumo Liongo mwaka 2009, baada ya Ngoma ya Ng'wanamalundi na Morani, naye anajua kuipa ngoma kazi ndani ya kisa badala ya kuitia kama kitoweo. Said Ahmed Mohamed aliandika Kitumbua Kimeingia Mchanga, ya mwaka 2000, na Posa za Bikisiwa.

Msomaji atauliza kwa nini orodha yangu imeelemea Kenya. Ni kwa sababu Wakenya wana tamasha la kitaifa la maigizo la shule na vyuo ambalo limedumu miaka mingi, hivyo mwandishi wao huandika akijua kuwa mahali fulani kuna watoto wanaosubiri kupanda jukwaani. Mwandishi wetu huandika akisubiri kitabu chake kiingizwe kwenye orodha ya shule, na kisipoingizwa basi kimekufa. Shule zetu zina mashindano ya michezo yenye jezi na mabasi, na kwaya hupata sare. Anayetaka kucheza tamthiliya huambiwa asubiri mahafali, apewe dakika kumi kati ya risala na ugawaji wa vyeti.

Nikiruhusiwa nitoke nje ya mada kwa sentensi mbili: Mugyabuso Mulokozi aliandika Mukwava wa Uhehe, iliyochapishwa mwaka 1979, na mimi ninayeishi mwendo mfupi kutoka Kalenga, lilipohifadhiwa fuvu la Mkwawa tangu liliporudishwa mwaka 1954, sijawahi kuiona ikichezwa pale. Si tamthiliya mpya, kwa hiyo siitii katika mapendekezo yangu, lakini naitaja kwa sababu inaniuma.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la kikazi zaidi kuliko la kisanaa. Mnapopendekeza riwaya inatosha kusema ni nzuri, kwa sababu msomaji wake ni mtu mmoja na kiti chake. Mnapopendekeza tamthiliya, tuambieni ina wahusika wangapi na wangapi kati yao wanaweza kuchezwa na mwigizaji mmoja. Inachukua saa moja au tatu. Inahitaji umeme au inachezeka chini ya mwembe. Kitabu kinapatikana wapi na kwa bei gani. Nakala zetu za Bembea ya Maisha ziliagizwa kwa kijana anayesoma Nairobi, zikapita Namanga na Arusha, zikalala Dodoma siku mbili katika ofisi ya mabasi, zikafika Iringa kifurushi kikiwa kimefunguka upande mmoja, na nauli ya vitabu vitano ilikaribia bei ya vitabu viwili. Tuelezeni pia namna ya kumpata mwandishi au mchapishaji ili tuombe idhini, maana sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi dhidi ya maonyesho ya hadharani yasiyo na ruhusa yake, na vikundi vingi vya mikoani huivunja kwa kutojua tu. Kulipa kidogo tuko tayari. Shida ni kumjua wa kumlipa.

Sisi wa Kihesa tutaanza mazoezi ya Bembea ya Maisha mara mvua zitakapokatika. Sara tumempata, Neema tumempata, na Yona nitamcheza mwenyewe kwa kuwa nina umri wake na jikoni nimeingia nikiwa nimechelewa. Tunamtafuta Bunju. Wanaume wanne wa mtaani niliowapa kitabu wakakisome wamekirudisha, kila mmoja akisema kuwa watu watadhani ni habari za nyumbani kwake.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Kihesa, Iringa.