Wanauliza Kama Umehama

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Columbus hatujambo, na mguu wa baba yako umepoa, sasa anatembea bila mkongojo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jambo hili kwenye simu hatulimalizi. Ukisema tu, "Mama, siasa tuache," nami nanyamaza. Leo sinyamazi.

Juzi imekuja kadi yenye jina lako kutoka ofisi ya uchaguzi. Haikuwa na bahasha, nikaisoma. Hujapiga kura tangu 2020, na sheria ya Ohio ndivyo ilivyo: ukikaa miaka miwili kimya, wanakutumia kadi. Usipoijibu, na miaka minne mingine ikapita hujapiga kura, jina linafutwa daftarini. Watu walikwenda mahakamani kuupinga utaratibu huo, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaukubali, majaji 5 kwa 4.

Kilichoniuma ni swali lililoandikwa pale. Wanauliza kama umehama.

Siku zote umeniambia kwamba kutopiga kura kwako ni ujumbe, kwamba vyama vyote viwili vitajua umechoka navyo. Mwanangu, ujumbe haukufika. Katika daftari lile hakuna fungu la waliokasirika. Aliyesusa, aliyehamia Texas na ambaye hakuamka tu siku ile, wote wanatumiwa kadi moja. Kwetu Tanga mtoto akisusa chakula aliambiwa, "Ukisusa wenzio twala," na sinia halikumngoja.

Wala si kwamba hujui mambo. Ndiyo hasa inayonitia uchungu. Wewe ndiye uliyenieleza jinsi mipaka ya majimbo ya uchaguzi inavyochorwa ili mshindi ajulikane kabla ya kampeni, na ni kweli. Ulitumaini mzigo wa mkopo wa chuo utapungua, haukupungua, na hilo nalo ni kweli. Siwezi kukubishia. Lakini wewe na wenzako mmesoma mpaka mnaujua ubovu wa nyumba hii kuliko mafundi wake, kisha mmetoka mkakaa barazani kuusimulia.

Unakumbuka 2012? Ulikuwa na miaka 12. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya usiku, unanishikia karatasi ya maswali 100 ya uraia, nami huku napika uji. Siku ya mtihani wangeniuliza 10, nipate 6. Swali moja lilinisumbua: taja jambo moja lililo juu ya raia peke yao. Nikajibu, "Haki ya kupiga kura." Ukanisahihisha kwa sauti ya kimwalimu kabisa: "Si haki, Mama. Hapa wameandika wajibu." Tangu siku ile sijalikosea neno hilo.

Nchi niliyozaliwa hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Niliponyanyua mkono kula kiapo nilijua kwamba nikitua Dar es Salaam nitapanga foleni ya wageni, niombe viza ya kwenda kulizuru kaburi la mama yangu. Nilijua, nikaapa. Nilikuwa nimechoka kuishi katika nchi ambayo nalipa kodi yake na sina sauti ndani yake. Wewe sauti hiyo umezaliwa nayo.

Tangu nipunguze zamu nimekuwa karani wa kituo cha kupigia kura. Tunafungua saa 12:30 asubuhi, tunafunga saa 1:30 usiku. Miaka ambayo hakuna uchaguzi wa rais ndiyo ungepaswa uione. Siku hizo watu wanaamua kodi ya shule za mtaa, wajumbe wa bodi ya shule, madiwani. Wanaokuja ni wastaafu, wengine na gari la kujikongojea, na nawaheshimu sana. Lakini saa zinapita bila kumwona mtu wa rika lako, na shule inayopigiwa kura ni ileile iliyokufundisha kusoma.

Utaniambia kura moja si kitu. Mwaka 2017 kule Newport News, Virginia, wagombea wawili wa baraza la jimbo walimaliza na kura 11,608 kila mmoja. Tarehe 4 Januari 2018 majina yao yalitiwa ndani ya bakuli, likachomolewa moja. Jina hilo likakipa chama chake viti 51 kwa 49. Nawafikiria waliobaki nyumbani siku ile kwa sababu kura moja si kitu.

Na daftari hili unalotaka kuliacha lina damu. Andrew Goodman alikuwa mwanafunzi wa chuo New York, miaka 20. Mwaka 1964 alikwenda Mississippi kuwasaidia weusi waandikishwe kupiga kura, na siku moja baada ya kufika aliuawa pamoja na wenzake wawili, James Chaney na Michael Schwerner. Chaney, aliyekuwa mweusi kama wewe, alikuwa na miaka 21.

Sikuambii umchague nani, na nikiwa kituoni siruhusiwi hata kuvaa beji. Kadi nimeitia humu pamoja na barua. Andika anwani yako ya Cleveland, tia saini, irudishe. Stempu wameshailipia.

Baba yako anakusalimu. Anauliza utakuja lini.

Mama yako