Biniam alishindaje? Gazeti halikusema

Ndugu Mhariri,

Mwendesha baiskeli mweusi akifanya jambo kubwa Ulaya, kurasa za michezo za magazeti yetu ya Kiswahili huandika habari ileile, jina tu ndilo hubadilika: Mwafrika wa kwanza, kijana aliyekulia katika shida, mapafu ya nyanda za juu. Baada ya hapo kimya mpaka mwaka mwingine. Msomaji hajui mtu huyo ameshinda nini hasa, ameshindaje, wala kwa nini wenzake hawaonekani.

Tuanze na hilo la "wa kwanza", maana ndiko makosa yanakojaa. Julai 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya 3 ya Tour de France, mbio za wiki tatu ambazo kila hatua yake ni mbio za siku moja; hiyo ilitoka Piacenza hadi Torino, Italia. Kusema "ameshinda Tour de France" si kweli. Alishinda hatua tatu kati ya 21, yaani ya 3, ya 8 na ya 12, na akamaliza mashindano na jezi ya kijani, ambayo ni ya alama. Tour yenyewe hushindwa na mwenye jumla ndogo kuliko wote ya muda, na huyo huvaa jezi ya njano.

Wala yeye si Mwafrika wa kwanza kushinda hatua. Marcel Molinès, mzaliwa wa Algeria, alishinda ile ya Nîmes mwaka 1950. Robert Hunter wa Afrika Kusini alishinda ya Montpellier mwaka 2007. Jezi ya njano nayo ilishavaliwa na Daryl Impey wa Afrika Kusini mwaka 2013. Na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa mchezo huu na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour nzima mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa na leseni ya Uingereza aliyoichukua mwaka 2008 baada ya kuiacha ya Kenya. Wote hao ni weupe. Kwa hiyo sentensi iliyo sahihi ni hii: Biniam ni mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushinda hatua ya Tour. Mhariri anayelikata "mweusi" kwa kuona haya anageuza kweli kuwa uongo.

Weusi walikuwa wameshaingia kwenye Tour kabla yake. Yohann Gène wa Guadeloupe alishiriki mwaka 2011. Mwaka 2015 walifika Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus wa Eritrea wakiwa na timu ya MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini, na Teklehaimanot akaivaa kwa siku kadhaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Tsgabu Grmay wa Ethiopia alifuata mwaka 2016. Nicholas Dlamini, mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kuiendesha Tour, aliondolewa mwaka 2021 siku ya milima ya Tignes kwa kuupita muda wa mwisho wa kufika. Na ukitaka mwanzo wenyewe, rudi Montreal mwaka 1899, Major Taylor, Mmarekani mweusi, alipokuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi za kasi. Miaka mitano kabla ya hapo chama cha waendesha baiskeli wa nchi yake kilikuwa kimepitisha kanuni ya kuwakataa wanachama weusi, na hakikuikana rasmi mpaka mwaka 1999.

Majina nayo yanatupa shida isiyo ya lazima. Mwaeritrea hana jina la ukoo kwa desturi ya Kizungu. Biniam ndiye yeye. Girmay ni baba yake, kama vile Juma Hamisi alivyo Juma. Mkitaja jina moja, mtajeni Biniam.

Sasa namna alivyoshinda. Siku ya Torino ilikuwa tambarare, zaidi ya kilomita 230, na karibu na mwisho kulitokea ajali iliyolikata kundi. Katika mita 200 za mwisho waendeshaji hupita kilomita 60 kwa saa. Anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake huokoa takriban theluthi ya nguvu, kwa hiyo mbio huamuliwa na mahali ulipo inapobaki kilomita moja, hata kabla hujakanyaga pedeli kwa nguvu zote. Ukiwa wa 25, umekwisha. Ukiwa wa 6 nyuma ya mtu sahihi, una nafasi. Ukifyatuka mapema na upepo uko usoni, utaishiwa pumzi mita 50 kabla ya mstari. Ukichelewa, utabanwa kati ya mabega na vizuizi. Biniam aliwashinda Fernando Gaviria na Arnaud De Lie kwa kuliona tundu na kuingia kabla halijafungwa. Mwaka 2022, kwenye Gent-Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji, alifanya kinyume: walibaki wanne, yeye akaanza kukimbia mapema, kama mita 250 kutoka mwisho, na Christophe Laporte hakumfikia. Huo ni ujuzi wa kupima umbali, upepo na watu. Mapafu ya Asmara, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hayaelezi hata nusu yake.

Jezi ya kijani ni hesabu kavu. Mshindi wa hatua ya tambarare hupata alama 50, na wa kwanza kwenye mstari wa kasi uliowekwa njiani hupata 20. Biniam alianguka karibu na mwisho wa hatua ya 16 kule Nîmes, siku ambayo mpinzani wake Jasper Philipsen alishinda. Nyingi ya hatua zilizobaki zilikuwa za milima, na ya mwisho ilikuwa ya mmoja mmoja dhidi ya saa, hivyo mtu wa kasi alibaki na alama za njiani za kugombea. Alimaliza na 387 dhidi ya 354 za Philipsen. Habari yenyewe ni hiyo, nayo ingeenea kwenye aya moja ya gazeti.

Hadithi ya mapafu ilipata jibu Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na jumla ya kupanda mita 5,475, katika mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari. Waliomaliza ni 30 tu. Wa kwanza alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, akifuatwa na Remco Evenepoel wa Ubelgiji na Ben Healy wa Ireland. Kuzaliwa juu kunasaidia, lakini Wazungu nao hupiga kambi ya wiki mbili au tatu kwenye mlima Teide au Sierra Nevada, huko Hispania, damu zao zikazoea. Pengo liko kwingine.

Kwanza ni kundi. Kijana wa Ubelgiji huanza kushindana akiwa mtoto, na akiwa mtaalamu hukimbia siku 60 hadi 80 kwa mwaka, akiwa kati ya watu zaidi ya 150 kwenye barabara nyembamba. Wetu wengi hukimbia siku chache, kwenye lami pana, na watu wachache. Upepo wa kando ukivuma, waliotangulia hujipanga mshazari ili kila mmoja amkinge mwenzake; barabara ya mita 6 hutosha watu kumi hivi. Wa kumi na moja hana kinga, hubaki ukingoni akipigwa na upepo, na baada ya dakika tano amekatika, hata awe na miguu ya chuma. Anayetazama kwa mbali anaweza kuiita hali hiyo woga. Ni upungufu wa siku za mbio, basi.

Pili ni lugha, na hapa tunazungumzia redio ya sikioni. Chama cha dunia cha baiskeli hutumia Kifaransa na Kiingereza. Garini bosi wa timu anaweza kuwa anasema Kiitaliano au Kiholanzi. Anasema: mzunguko wa barabara baada ya kilomita 2, kisha upepo kutoka kushoto, pandeni mbele. Kwa mwendo wa kilomita 54 kwa saa, kila sekunde ni mita 15. Anayetafsiri kichwani kwa sekunde 4 amepoteza mita 60, na mbele kumeshajaa. Tena mkutano wa asubuhi ndani ya basi ndiko kazi hugawanywa. Asiyeelewa hupewa kubeba chupa za maji, na mwisho wa mwaka huambiwa hana matokeo. Makocha wa kwetu wangeweza kulitibu hili nyumbani: maneno 60 hivi ya redio kwa Kifaransa na Kiingereza, yakifanyiwa mazoezi juu ya baiskeli na redio zenyewe, si kwenye kiti cha darasa.

Tatu ni viza. Ya muda mfupi ya Schengen inaruhusu siku 90 katika kila siku 180, ilhali msimu wa mbio Ulaya ni wa Februari hadi Oktoba. Bila kibali cha kukaa, mtu hukatwa katikati.

La nne ni la alama, si zile za jezi ya kijani bali za orodha ya chama cha dunia, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Tour du Rwanda, mbio za siku 8 zilizopandishwa daraja na chama hicho mwaka 2019, humpa mshindi wake wa jumla alama 125. Hatua moja tu ya Tour de France inatoa 210. Timu 18 za daraja la juu hupangwa kwa alama za miaka mitatu, na aliye chini hushuka. Katika hesabu iliyoishia 2022, ni waendeshaji kumi bora tu wa kila timu waliohesabiwa. Tangu 2023 wanahesabiwa 20. Meneja mwenye hofu ya kushuka hamchukui kijana wa Rwamagana anayehitaji miaka miwili ya kujifunza kukaa kundini. Anamchukua Mhispania wa wastani anayemwokotea alama 15 hapa na 20 pale. Hakuna anayehitaji kuwa mbaguzi ili mfumo huo uwaache nje weusi. Timu ya Delko ya Marseille, iliyokuwa na Biniam, ilivunjika mwaka 2021, na mwaka huohuo timu ya Qhubeka ikaishiwa wafadhili.

Vifaa tunavipita haraka. Kigali, kwenye mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, baadhi ya timu za Afrika zilipanda baiskeli za kawaida za barabarani, bila usukani wa kulalia. Katika kilomita 40 hiyo ni dakika kadhaa zilizopotea kabla ya kuanza. Na kwenye mawe ya Kimihurura, tairi la milimita 28 lisilo na tyubu linataka upepo wa paundi 60 hadi 70 kwa mtu wa kilo 65. Aliyezoea kujaza 110 huruka kila jiwe, na akisimama kwenye pedeli gurudumu la nyuma huteleza.

Ubaguzi wa wazi upo pia. Mwaka 2015 Natnael Berhane wa Eritrea alitukanwa rangi yake kwenye mbio za Austria. Aliyemtukana aliomba radhi na kutoa mshahara wa mwezi kwa Qhubeka, shirika la hisani lililoipa timu ile jina. Mwaka 2017 Gianni Moscon alimtukana Kevin Reza, Mfaransa mweusi, kwenye Tour de Romandie, mbio za Uswisi. Timu yake ilimsimamisha wiki sita. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, ofisa wa Ujerumani Patrick Moster alisikika kwenye televisheni akiwaita Azzedine Lagab wa Algeria na Amanuel Ghebreigzabhier wa Eritrea waendesha ngamia, akarudishwa nyumbani. Tazameni adhabu ya Moscon: ilitoka kwa mwajiri. Kamisaa, yaani mwamuzi wa mbio, ana jedwali la faini la kutupa chupa nje ya eneo lililoruhusiwa, lakini tusi lisilonaswa na kipaza sauti humwachia aliyetukanwa kazi ya kuthibitisha. Katika Tour ya 2020 Reza alikuwa mweusi peke yake kati ya 176. Mtu wa namna hiyo akilalamika, analalamika mbele ya kundi zima atakalolihitaji kesho limpe nafasi.

Wanawake mmewasahau kabisa. Diane Ingabire wa Rwanda aliingia timu ya vijana ya Canyon//SRAM mwaka 2022, na Kigali ilikuwa mara ya kwanza wasichana chini ya miaka 23 kuwa na mbio zao wenyewe kwenye mashindano ya dunia. Tulitafuta habari hizo kwa Kiswahili, tukaambulia patupu.

Tour du Rwanda hufanyika kila Februari. Mpelekeni mwandishi, hata kwa basi. Kila jioni makamisaa hutoa karatasi ya matokeo; achukue humo umbali, muda wa mshindi, tofauti za sekunde na majina ya waliojitoa. Aache picha ya mtoto mwenye baiskeli ya mkungu wa ndizi, apige picha ya gia. Kisha awafuate waendeshaji wa Rwanda, Uganda na Kenya, ambao wengi wao wanaelewa Kiswahili, awaulize yale ambayo hakuna anayewauliza: kilomita ya mwisho ulikuwa wa ngapi? Ulipopata pancha nani alikusubiri? Mlima ule uliupanda kwa gia ya meno mangapi, na kwa nini hukuwa na ndogo zaidi?

Wafuatiliaji wa mbio za baiskeli,
Mwanza