Matango yaliyozidi, kabla hayajageuka njano

Ndugu wanakikundi, habari za asubuhi. Achari sasa inatosha. Matango yaliyobaki msiyaoshe, yafuteni vumbi tu. Yawekeni kwenye chungu kilicho ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa, juu gunia bichi, kivulini penye upepo. Lowesheni mchanga asubuhi na jioni. Hewa kavu ya Dodoma ndiyo inayopoza. Pwani njia hii haifanyi kazi vizuri. Kwenye friji yasizidi siku 3, kwani chini ya nyuzi 10 tango hulainika na kuteleza. Yakae mbali na ndizi mbivu na nyanya, gesi yake huyafanya njano upesi.

Yaliyokomaa mno jamani msitupe! Menyeni, kwangueni mbegu, katakateni. Kilo 1, chumvi kijiko 1 cha chai, subirini dakika 20, kamueni vizuri. Mkiruka hapo mboga inakuwa maji matupu. Kaangeni kitunguu na nyanya, tango dakika 5, kisha karanga zilizosagwa vijiko 3 vya chakula na maji nusu kikombe. Moto mdogo, koroga muda wote, karanga hushika chini. Chumvi onjeni kwanza, ya mwanzo hubaki kidogo.

Lenye uchungu kateni upande wa kikonyo, ndiko uchungu hukaa zaidi.